Ripoti ya Refa Zebedayo

Mwalimu Zebedayo alikuwa refa wetu katika tambarare yote ya Ndungu, miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa. Mtu mpole, Mlutheri wa milimani, asiyependa yeyote aondoke uwanjani amenuna. Upole huo ndio uliomponza, na mimi mshika kibendera wake sikumsaidia.

Siku moja kijiji chetu kilicheza na kambi ya mkonge. Kurwa, mkata mkonge kutoka Nzega, aliruka kupiga kichwa, goti la golikipa wetu likampata kisogoni. Akazirai. Alipozinduka alisimama akichechemea, akacheka, nasi tukacheka.

Baada ya mchezo tukakaa kuandika ripoti kama tulivyozoea: refa, manahodha wawili na katibu wa kijiji, kila mstari ukikubaliwa na wote ili ujirani usiharibike. Zebedayo akasoma, "Aligongwa kichwa, akazirai."

"Mwalimu, hapo unamshitaki kijana wetu," katibu akasema. "Andika aliteleza, akaumia mguu. Si anachechemea?"

Nahodha wa kambi naye akakubali, hakutaka ugomvi. Zebedayo akafuta. Nilimwona akifuta, nikatazama pembeni.

Jioni Kurwa alipelekwa zahanati na karatasi ile, maneno yakimpotea. Wenzake wakadhani ni uchovu. Mganga akaisoma, akafunga mguu, akamrudisha kambini. Asubuhi hakuamka.

Zebedayo aliandika ripoti upya, akaipeleka mwenyewe wilayani Same kwa baiskeli. Tangu hapo aliandika peke yake, akiwa bado uwanjani, jasho likidondokea karatasi: dakika, mahali mtu alipoumia, kama alizirai, nani aliona. Manahodha walipewa nakala, hawakuombwa ruhusa. Wapo waliomwita mkorofi. Waache waseme, kulikuwa na maiti kati yetu.

Kisha akamwandikia mama yake Kurwa, akamweleza yote, hata kule kufuta. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, limeandikwa na Doto, pacha wa marehemu. Mwalimu alianza kulisoma, akashindwa, akanipa mimi.

"Shikamoo Mwalimu," Doto aliandika. "Barua ya kambi ilisema aliumia mguu. Mama amekuwa akiuliza kila siku, mtu anakufaje kwa mguu, nasi tukadhani amerukwa na akili. Baada ya kumsomea barua yako, tumemwomba radhi."