Utando Mweupe wa Damu ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alimkata mbuzi wake mwenyewe kichwa kwa panga, kisha akamgeukia mkewe. Tulimrukia wanaume watano. Akanivunja jino hili la mbele; nikicheka pengo unaliona. Tukamlaza kifudifudi na kumfunga kamba ya katani, naye anatuuma kama mbwa.

Sasa, nani kamfanya hivi? Huyu ni mrina asali, anakaa porini wiki nzima, ndorobo, wale inzi wa porini, wanamtafuna mgongo, lakini ndorobo tumezaliwa nao, nani angewafikiria? Tulimfikiria mkewe. Dada zetu wakasema ni limbwata, kamlisha mume ili amtawale, dawa ikazidi kipimo. Kwetu limbwata likizidi mwanamume anakuwa mwehu, hilo halina ubishi. Mimi sikusoma, niliachia darasa la pili nikafukuze nyani shambani, na nyani wenyewe wakanishinda. Basi. Ninalotaka kusema ni kwamba wa kwanza kumpiga shemeji ni mimi. Fimbo ya mkwaju, begani, halafu shavuni.

"Sema umempa nini!"

"Shemeji, nimempa ugali!"

Wengine wakafuata. Mmoja akaja anaviringisha tairi.

Mwenyekiti wa kitongoji akasimama mbele ya lile tairi. "Mgonjwa apimwe kwanza. Damu ikiwa haina kitu, mtajuana wenyewe."

Tukaenda zahanati, mgonjwa juu ya mkokoteni, shemeji anasukumwa nyuma kwa mateke. Umeme ulikuwa umekatika. Mtaalamu wa maabara, binti wa watu kutoka Mingoyo, akanitazama. Pale nilifagia miaka mingi, kwa hiyo ananijua.

"Shikamoo babu. Ile mashine ya mkono bado unaiweza?"

"Marahaba. Naiweza."

"Basi uizungushe kama unasaga mtama, siyo kama unapiga mtu." Uso wa shemeji alikuwa ameshauona.

Mashine yenyewe ni kishikio na vikombe viwili vinavyokimbizana. Chupa ya damu inakaa huku, na upande wa pili unaweka chupa ya maji yenye uzito uleule. Hilo nilikuwa nalijua kama jina langu. Lakini binti alipotoa damu na kunipa chupa, mdogo wangu akamkata teke muuguzi, vyombo vikamwagika, na mimi kwa kiherehere nikaitia chupa peke yake, nikazungusha. Mashine ikaruka mezani. Chupa ikapasuka, damu ukutani, damu usoni kwangu.

Dirishani walikuwa wanachungulia. "Damu imekataa! Mchawi huyo, damu imekataa!" Mawe yakaanza kulia juu ya bati. Nikasikia shemeji anaburutwa kutoka kwenye benchi.

Binti akanizaba kofi. Mimi, sawa na babu yake! "Chupa ya maji iko wapi?"

Akatoa damu nyingine, watu wanne wamemkalia mgonjwa. Safari hii nikaweka maji, nikazungusha mpaka bega likawaka moto. Chupa ilipotoka, damu ilikuwa imeachana: nyekundu chini, maji ya manjano juu, na katikati utando mweupe, mwembamba kama malai ya maziwa.

"Chembe nyekundu nzito, zinashuka," binti akasema, huku anaunyonya ule utando kwa mrija. "Hapa katikati zinabaki nyeupe. Na mdudu, kama yupo, anajificha humo humo."

Tone moja kwenye kioo, kioo kingine juu, hadubini ikageuzwa dirishani ishike jua. Nje shemeji alikuwa anapiga mayowe, halafu mayowe yakakatika.

"Babu, tazama upesi."

Nikaona viduara vimetulia kama ulezi. Katikati yake kitu chembamba kinajipinda kama samaki mkunga, kinavisukuma huku na huku.

"Malale hayo. Yanaletwa na ndorobo, yakifika kichwani mtu anaingiwa na wazimu. Mkewe hana kosa."

Nikatoka mbio. Nilipiga kelele, hawakusikia, nikamlalia shemeji. Mbavu mbili ambazo zingevunjika zake zikavunjika zangu. Mwenyekiti ndiye aliyewatoa watu juu yetu. Wakaingizwa mmoja mmoja kuchungulia hadubini. Dada yangu mkubwa alichungulia, akatoka, akatapika ukutani.

Shemeji akaja mwisho. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, akatazama kwa lile zima.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, shemeji."

"Basi mpigeni."

Mdogo wangu alipelekwa hospitali kubwa, akatibiwa, akarudi. Asali hafuati tena. Mimi huwa naenda kumjulia hali, na shemeji hajawahi kunifungia mlango. Ananikaribisha vizuri, ananinawisha, anatenga ugali. Ila kabla sijagusa anamega tonge, analichovya mchuzi, analitafuna mbele yangu taratibu, anameza. Ndipo anasogeza sahani.

Nami nakula.