Kimya Kilichomo Katikati ya Wimbo

Siku niliyotia kufuli gereji ya nyumba yangu hapa Mayfair, mtaa wetu wa wahamiaji huku kusini mwa Afrika, mwanangu, naikumbuka hadi baridi ya chuma kile mkononi. Ulikuwa mwaka wa 2016. Usidhani nilikuwa kijana. Nilikuwa na miaka hamsini na tatu na mvi zimeshaota, lakini ujana haumwachi mtu mara moja. Kwangu mimi ulikuwa umebaki kwenye hasira.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Tanga. Chumba cha mbele nashonea kanzu na sare za shule. Gereji ya nyuma haikuwa na gari, kwa maana gari sijawahi kuwa nalo, na alhamdulillahi miguu inatosha. Humo alikuwa akipiga muziki mpwa wangu Idrisi pamoja na wenzake. Dada yangu alipofariki aliniachia mtoto huyo akiwa na miaka sita. Nikamleta huku, nikamsomesha shule na chuo cha Kurani. Akakua akinisikiliza kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa mji huu. Sasa alikuwa na miaka ishirini na mbili. Mchana alitengeneza simu za watu, jioni alipiga ngoma, na rafiki yake Sipho, kijana wa Soweto, alipiga gitaa na kuimba. Muziki wao waliuita roki ya gereji, kwa kuwa huzaliwa humo humo gerejini: gitaa linakwaruza, ngoma nzito, maneno machache. Kikombe changu cha chai kilikuwa kikitembea chenyewe juu ya meza ya cherehani.

Kelele ningezivumilia. Kilichoniuma ni sala. Kila jioni nilitoka kwenda msikitini kabla ya adhana ya magharibi, nikiwaacha wanapiga. Nikirudi, nawakuta wanapiga. Nikakata shauri moyoni kwamba mtoto wa dada yangu ameacha sala. Sikumwuliza. Nilijiambia samaki mkunje angali mbichi, nikasahau kwamba samaki yule alikuwa ameshaota ndevu.

"Chagua," nilimwambia, ufunguo mkononi. "Ngoma, au nyumba hii."

"Mjomba, ungeniuliza kwanza." Alisema kwa Kiswahili, na hilo peke yake lilitosha kunishtua.

"Nikuulize nini? Masikio ninayo."

Akakusanya nguo zake, akanibusu mkono, akaenda Soweto kwa kina Sipho. Ule mkono aliobusu uliniwasha siku nzima. Hasira haipendi kutendewa adabu.

Mtaani kwetu alikuwapo Bi Zuhura, mama wa Unguja, aliyewafundisha watoto wetu Kurani mpaka macho yake yakachoka. Aliniita.

"Nasikia umeifukuza amana ya dada yako."

"Bibi, kijana amepotea."

"Umewahi kuingia gereji ile wakiwa wanapiga?"

"Sijawahi."

"Basi ulichohukumu ni mlango. Haya, nenda kashone."

Nikaenda nikashona. Soweto sikwenda. Kiburi nacho, mwanangu, huvaa kanzu nyeupe na kukaa safu ya mbele.

Ikapita miezi mingi. Kila sijida nilimwombea Idrisi arudi, na kila nilipoinuka sikuchukua hata hatua moja kumfuata. Kisha siku moja akaja mteja wangu, Mama Clarisse, Mkongomani wa Lubumbashi mwenye duka la spaza, kiduka cha nyumbani, kule Diepsloot. Alileta jezi ya timu yake.

"Papa fundi, unipanulie hii. Timu inashinda, na mie naongezeka."

Nilipokuwa nampima akaanza kuimba huku akigonga meza yangu kwa kiganja. Maneno yalikuwa machache: bado tumesimama, bado tumesimama. Ghafla akanyamaza, kidole juu, akahesabu pumzi kama nne, kisha paa! akaigonga meza na kuendelea.

"Mbona umenyamaza?"

"Si mie, papa. Wimbo ndio unanyamaza. Uwanja mzima unanyamaza. Ukisema kitu pale, eish, watakupiga na vuvuzela!"

"Kwa nini?"

"Eh! Nani anajua? Ni vile iko."

Mwanangu, ule mdundo wa mezani niliujua. Ndio uliokuwa ukikitembeza kikombe changu. Lakini kimya kile sikukijua, nami nilidhani nimeusikia muziki ule wote. Nikaanza kuuliza. Nilimuuliza dereva wa teksi, muuza vitunguu, jirani yangu Msomali wa duka la vitambaa. Wote waliujua wimbo wa kina Idrisi, maana mashabiki walikuwa wameusikia redioni na kuufanya wimbo wa jiji. Wote walinyamaza mahali pale pale. Sababu hakuna aliyeijua. Nasaha ya Bi Zuhura ilishindwa kunitoa nyumbani, udadisi ukanitoa.

Jumamosi moja alasiri Mama Clarisse akanipeleka uwanjani. Timu ilikuwa imefungwa mabao mawili. Watu wakasimama, wakaimba, kiti changu kikatikisika. Kisha kikaja kile kimya. Maelfu ya watu, mikono juu, midomo imefungwa. Nilimsikia mtoto mchanga akilia upande wa pili wa uwanja. Nikatazama nyuso zile, nikaona kila mtu anangoja kitu asichokijua. Halafu ngoma ikarudi, na wote wakarudi nayo kwa pamoja. Timu ilifungwa bao la tatu, nao wakaendelea kuimba.

Kesho yake nikaenda Soweto. Nilimkuta Sipho uani kwa mama yake, gitaa magotini, Idrisi akikaza ngozi ya ngoma yake. Idrisi aliinuka. Nami maneno yangu yote niliyoyatayarisha njiani yaliniponyoka. Likabaki swali.

"Wanangu, kwa nini wimbo wenu unanyamaza katikati?"

Sipho akamtazama mwenzake, akacheka. Alikuwa na Kiswahili cha kuokoteza kwa Idrisi.

"Baba, hapo ni wewe umetoka, umeenda msikiti. Adhana inaanza, huyu anaweka fimbo za ngoma chini. Kila siku! Anasali kwenye kona, sisi tunakaa kimya. Siku moja tuko katikati ya wimbo, akaacha. Akarudi, hakuanza mwanzo, akapiga pale pale alipoacha. Eish, baba, ikawa nzuri! Tulijaribu kurekodi bila kimya. Wimbo ulikufa."

Kumbe jioni zote zile niliondoka dakika chache kabla ya kimya, na kurudi dakika chache baada yake.

"Idrisi," nilisema, "nilipaswa kukuuliza. Nisamehe."

Kabla hajajibu, simu yake iliadhini. Jua lilikuwa limezama nyuma ya mapaa ya mabati. Akaweka fimbo chini, akatandika mkeka, akanisogezea nafasi ya mbele.

"Mjomba, tangulia."

Nikatangulia, machozi yakinidondokea mkekani. Nyuma yetu Sipho alikaa na gitaa lake, hakugusa uzi hata mmoja. Tulipotoa salamu, Idrisi alirudi kwenye ngoma yake, akapiga. Nami nikaweka ufunguo wa gereji chini, kando ya mguu wake.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kabla ya kumhukumu mtu, ingia alipo, ukae mpaka usikie na yale anayoyafanya wewe ukiwa haupo. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na aliyejiona mcha Mungu ndiye anayehitaji kuuliza zaidi, kwa maana ucha Mungu wa mwenzako huenda umekaa kwenye kona usiyoiona. Na ukigundua umekosa, usingoje miezi kama mimi. Nenda hata kama huna la kusema. Swali moja la kweli linatosha kubisha hodi.

Mola akupe masikio yenye subira na ulimi mwepesi wa kuomba radhi. Akujaalie marafiki watakaokungoja ukisali, na akuhifadhie kila amana iliyowekwa mikononi mwako. Amina.