Udi wa Jumatano

Jumatano iliyopita nilikuwa sokoni Darajani, kwa muuza udi, nikingoja zamu yangu. Mbele yangu alisimama mama wa makamo.

"Bi, hii mara ya tatu wiki hii," muuzaji alimwambia. "Mna harusi?"

Mama alishusha sauti, lakini nilimsikia. "Hatuna. Nna mwanangu, anavuta bangi chumbani. Nnafukiza majirani wasijue."

Muuzaji aliacha kupima. "Na yeye mwenyewe hali yake?"

"Anakohoa. Siku hizi anazungumza na ukuta."

"Mpeleke hospitali."

"Nnaogopa watamfunga."

"Daktari hafungi mtu, Bi. Anaefunga hakimu, siku mwanao atakapokamatwa na bangi mfukoni."

Mama alikunjakunja ncha ya mtandio wake. Kisha akausukuma udi uliokuwa mizanini kurudi kwa muuzaji, akauliza daktari wa maradhi ya akili anakuwepo siku gani.

Sisi mtaani kwetu hufukiza Ijumaa, au tukiwa na wageni. Nyumba ya jirani yangu hunukia udi kila siku, na mwezi mzima nilikuwa nikipita mlangoni pao nikiwasifu kwa usafi. Jumatano ile sikupita tu; nilipiga hodi kwao.