Jina ya Ndugu Yangu mu Teatre

Kuko siku moja, mwanangu, haijatoka mu kichwa yangu mpaka leo. Nitakuelezea polepole, kwa sababu nimesikia unataka kwenda kucheza filme, na siye wazee tukisema haraka tunasahau kitu ya maana.

Nilikuwa musichana. Masomo niliachia mu troisième primaire, mwaka ya tatu tu, basi usinicheke nikikosea. Hapa Mbunya tulikuwa na kikundi ya teatre, tunacheza mu salle ya paroisse, ile nyumba ya mikutano ya kanisa, na pazia yetu ilikuwa vitenge mbili ya Mama Katarina. Huyo Mama Katarina ndiye alikuwa mukubwa wetu. Alianza teatre mbele ya siye kuzaliwa. Alikuwa mufupi, lakini akisimama mbele ya watu, ungesema ameongezeka.

Muchezo wetu ilikuwa hivi: mama mumoja, mutoto yake anachimba dhahabu Bambu, shimo inamuangukia. Miye ndiye mama. Na watu wa televizioni walikuwa wanakuja Jumapili kutuchukua picha. Nikikosa kulia, nafasi inapewa mwenzangu Roza, na Roza alijua maneno yangu yote, hata pale ninapopumua.

Machozi ikakataa. Kalisto, kijana aliyetuongoza mu huo muchezo, akachoka.

—Weye, ndugu yako Dezire si iko Bambu?

—Iko.

—Basi mulilie yeye. Sema, «Dezire, umeniacha na nani?» Utaona machozi.

Unajua, mwanangu, kwetu kilio ni jina. Mutu akikufa tunamuita, tunamuuliza sababu gani ametuacha. Nikafungua kinywa. Mama Katarina alikuwa anashona pale kwenye kona, akasimama.

—Funga hiyo kinywa! Dezire amekufa saa ngapi?

—Mama, ni teatre tu, Kalisto akasema.

—Ah, ni teatre tu? Basi mulilie mama yako. Iko pale inje anauza ndizi. Ita kwa nguvu, asikie!

Roza akacheka. Kalisto hakucheka, na hakuita.

Mama Katarina akanivuta pembeni.

—Binti yangu, ile jina iko na siku yake. Ukiimaliza hapa, siku ile utasema nini?

—Sasa nitalia namna gani?

—Usilie. Mama aliyefiwa, jioni anafanya nini? Si anapika?

Jumapili, mbele ya watu, nikapika sombe, majani ya muhogo. Nikapakua yangu, nikapakua ya mutoto, kama kila siku. Nikaangalia ile sahani yake. Halafu nikarudisha chakula yake mu chungu, kijiko kwa kijiko. Sikulia. Kisha mama mumoja kule nyuma akaanza kulia, mwingine akamufuata, hata ule mutu wa kamera akapangusa macho na mukono ya shati.

Toka pale televizioni ikaniita. Nikacheza mama mukwe mubaya mpaka wauzaji wa soko wakakataa kuniuzia nyanya, lakini hiyo ni habari ingine, tuiache. Filme nayo ikanifikisha mpaka Kisangani. Nimelilia watoto, nimelilia mabwana, wote wa uongo. Jina ya Dezire haikupita mu kinywa yangu mbele ya watu.

Alikuja kukufa akiwa muzee, mu hospitali kule Nyankunde. Pale matanga nilikaa chini, nikamuita. Watu walikuwa wamezoea kuniona mu televizioni, lakini hakuna aliyeniangalia kama filme. Nilimuita mpaka sauti ikaisha, na kila nilipomuita alikuwa yeye tu, si mwingine.

Basi, mwanangu, shika hii. Hiyo kazi uipatie mikono yako, miguu yako, sauti yako, bila choyo. Lakini watu wako walio hai, usiwapeleke kule kutafuta machozi. Anayekuongoza akikuomba vile, mwambie hapana, hata kama Roza wako amesimama pale anangojea nafasi. Nafasi ingine itakuja.

Nenda sasa. Mungu afungue njia mbele yako, akupatie sauti ya kufika mpaka benchi ya mwisho, na wale unaowapenda awaache wakae sana, sana, bila weye kuwalilia.