Mwalimu Aliyemlisha Mpishi Maneno

Saa mbili asubuhi, darasa lililo jirani na jiko la shule. Mwalimu wa uandishi wa habari hajashika chaki leo. Amekaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yanagonga meza, jasho linamtoka.

Wanafunzi humwita Nani Kasema. Kila makala ikifika mezani kwake, swali ni hilo hilo. "Umeandika watu wanalalamika. Nani kasema? Rudi kamuulize!" Na mtoto hurudi, hata kwa machozi.

Leo zamu ni yake. Wanafunzi hamsini na wawili wanamhoji yeye, na mwandishi wa gazeti aliyekuja kuandika habari hii ameketi nyuma ya darasa.

Wiki iliyopita, msichana wa dawati la mbele aliandika habari za mpishi wa shule kwa ajili ya gazeti la ukutani. Mwalimu akaiona makala imepooza. Kabla ya kuibandika, akamtungia mpishi nukuu: "Mama alitulaza njaa, ndiyo maana nawapikia watoto kwa huruma."

"Nilitaka iwatoe watu machozi," anasema, macho sakafuni. "Ikawatoa kweli."

Maneno hayakukawia kumfikia mama mzazi wa mpishi.

"Mama alifua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka," anasema mpishi. "Njaa tuliisikia kwa majirani. Aliniuliza mara moja tu, 'Mwanangu, ndivyo unavyonisema kwa watu?' Tangu hapo hanisemeshi."

Kwa hasira, mpishi alimvaa msichana mbele ya foleni ya chakula, akamwita mwongo. Kesho yake tena. Msichana hakumtaja mwalimu. "Ni mwalimu wangu," anasema. "Ningemuumbuaje?"

Mwalimu alikuwepo mara zote mbili. "Nikajifanya nasahihisha madaftari. Mtu mzima mimi! Naona aibu, ndugu mwandishi, mpaka chakula cha mpishi wetu sikigusi."

Siku ya tatu aliibandua makala, akaomba radhi mbele ya shule nzima.

Sasa msichana amesimama, kalamu mkononi.

"Mwalimu, ile sentensi nani kasema?"

"Nimesema mimi."

"Na nilipoitwa mwongo, ulikuwa wapi?"

Sufuria zinasikika upande wa pili wa ukuta.

"Nilikuwa pale pale, mwanangu. Nilikuona."

Msichana anaandika bila kuinua uso.

Jioni, mwalimu atafuatana na mpishi hadi kwa mama yake, wakiwa na makala mpya. Haitabandikwa kabla mama hajasomewa. "Akinifukuza, nitamsomea nikiwa mlangoni. Nataka azungumze na mwanawe, basi. Mimi hata asiponisamehe, sawa."

Kabla ya kuagana, mwandishi wa gazeti anamsomea mwalimu yale aliyoyasema. Wanapofika kwenye yale madaftari, mwalimu anainua mkono.

"Hapo tungeweka kwamba nilikuwa na kazi nyingi…"

Msichana anageuka, anamtazama. Mwalimu anaushusha mkono taratibu.

"Hapana. Acha kama nilivyosema."