Kimputu cha Nyakabuye

Vita vya Kongo viliporudi upya, mimi nilikuwa nimeshahama Bukavu, nilikozaliwa, na kupata kazi ya laborantini katika maabara ya zahanati moja ndogo mjini Cyangugu, upande wa pili wa mto wa mpakani. Nilikuwa na hadubini moja na panya weupe wachache. Daktari alikuwa ameniamuru niwaue kwa sababu wananuka. Sikuwaua.

Asubuhi moja akaletwa maman mmoja, kama tunavyowaita akina mama kwetu, mchuuzi wa vitenge. Alikuwa amekimbia risasi za Bukavu, akalala wiki kadhaa katika nyumba ya udongo huko Nyakabuye, upande wetu huu wa mto. Homa ilimpanda siku tatu, ikashuka, ikarudi, ikashuka tena. Nikasema ni kimputu, homa ya kupe wanaojificha kwenye nyufa za sakafu.

"Haiwezekani," daktari akasema. "Alishaugua kimputu utotoni, mwili wake unakijua. Mpe kwinini."

Dozi ya kwinini maman alikuwa ameshaimaliza mara mbili, na homa ikarudi. Maman akanishika mkono. "Mwanangu, miye najua ile homa. Njo ile ile. Hawa watu basiniite muongo."

Chini ya hadubini damu yake ilionekana safi, kwa kuwa homa ilikuwa imeshuka na vijidudu vilikuwa vichache mno kuonekana. Nikawaendea panya wangu. Wawili nilikuwa nimewadunga zamani damu ya mgonjwa wa kimputu wa ng'ambo ya mto, upande wa Bukavu, wakaugua, wakapona. Nilipowadunga tena kile kile, hakikuwapata. Sasa nikawadunga damu ya maman. Siku ya nne nilichukua tone mkiani mwa kila mmoja. Chini ya hadubini, vijidudu vilivyojipinda kama waya vilikuwa vinacheza, kwa wote wawili.

Nikamwita daktari.

"Nilikukataza," akasema.

"Tazama kwanza."

Akainama, akatazama muda mrefu.

"Hawa walipona kimputu kimoja, kingine kimewashika," nikamwambia. "Mwili unamjua adui uliyepigana naye, haumjui ndugu yake. Ndivyo ilivyo kwa maman: cha utotoni ni kingine, hiki ni cha Nyakabuye."

"Laborantini hanifundishi udaktari."

"Basi niandikie dawa yake, tetrasaiklini. Sitoki hapa mpaka uandike."

Nilisimama mlangoni. Aliandika bila kuniangalia.

Maman alipona, akarudi na vitenge vyake mpakani. Mimi nikaletewa barua ya onyo kutoka kwa daktari: nimekaidi amri, nimefuga panya bila ruhusa. Yote yalikuwa kweli. Nikaisaini, na chini ya saini nikaandika kwamba panya watabaki.

Walibaki.