Shemeji na sufuria yenye mfuniko

Leo asubuhi shemeji Odhiambo amekuja kwangu na sufuria, nikajua sungura wangu amekwisha.

Majirani wa landhi, wenzangu wa nyumba hizi za safu, mnamjua. Kwake mnyama akichechemea ni mboga.

Kosa lilikuwa langu, nakubali. Nilimlaza sungura juu ya kichanja cha matete cha kuanikia samaki, ili kinyesi kidondoke chini. Nyayo zikanyonyoka manyoya, zikatoka vidonda.

Basi nikawa namwosha miguu kwa maji ya chumvi na kuikausha. Nikamtandikia mkeka wa mafunjo na nyasi kavu, nabadilisha kila siku.

Mlicheka. Shemeji alicheka kuliko wote: "Mkeka wa sungura? Basi mnunulie na mto."

Leo nimefungua kibanda mbele yake. Sungura ameruka nje, amezunguka uwanja mara mbili, amerudi kulala mkekani.

Shemeji ameinama kumtazama nyayo.

Kisha akafunua sufuria. Ndani, sungura wake mwenyewe, nyayo zimechubuka.

"Shemeji, nisaidie. Lakini tafadhali, usimwambie mtu."

Nimemtuma akakate nyasi.

Na hii karatasi nimeibandika hapa bombani, mnapochota maji wote.